Kaka yuko Florida, shamba liko Kigwe: mimea ya asili kuanzia kilimani hadi mbugani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimenunua ekari 12 upande wa Kigwe, wilaya ya Bahi. Juu kuna kilima cha mawe, katikati udongo mwekundu wenye vichaka, na chini ni mbuga nyeusi inayojaa maji masika. Kaka yangu anaishi Florida, Marekani, akanitumia mwongozo wa kule unaopanga mimea ya asili kwa makazi yake: hii ya kinamasi, hii ya misonobari penye unyevu, hii ya misonobari ya mchangani. Mpangilio huo nimeupenda. Je, na sisi tunayo mimea ya kila sehemu namna hiyo? Na pale juu naweza kupanda misonobari? Nia yangu ni kurudisha miti ya asili na kufuga nyuki. Wapo pia wanaonishauri nipande mikaratusi mbugani ili ikaushe maji.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na misonobari kwa sababu jibu lake ni fupi: usipande. Afrika kusini mwa Sahara haina msonobari wa asili hata mmoja. Katika jamii nzima ya misonobari duniani, unaovuka ikweta kwa asili ni mmoja tu, Pinus merkusii, na huko ni Sumatra. Mapaina unayoyaona Sao Hill kule Mufindi ni wageni, hasa Pinus patula kutoka Mexico, na yamestawi kwa sababu kule kuna baridi na mvua ya kutosha. Wewe unapata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu kiangazi cha miezi saba. Miche yako itaishi mwaka wa kwanza kwa ndoo, na wa pili kwa dua.

Hata hivyo mwongozo wa kaka yako si wa kutupa. Majina ya mimea iliyomo achana nayo, ila chukua namna yake ya kuuliza. Kusini-mashariki mwa Marekani ardhi ni tambarare mno na mvua ni ileile shamba zima. Penye mchanga ulioinuka kidogo unakuta msonobari wa majani marefu, Pinus palustris, na chini yake nyasi ngumu za Aristida na vichikichi vifupi vya Serenoa vinavyotambaa. Ukishuka kimo kisichofika hata goti, misonobari inapungua, zinatokea Sarracenia, mimea yenye majani ya vikombe yanayonasa wadudu, maana udongo uliolowa muda mrefu una naitrojeni kidogo na mmea inabidi uitafute kwingine. Shuka tena kidogo, unakuta misipresi ya Taxodium imesimama ndani ya maji. Kinachoitenga mimea hiyo ni muda ambao maji yanakaa kwenye mizizi kila mwaka. Na Kigwe ni hivyohivyo, tena kwako mteremko unaonekana kwa macho.

Kusoma ardhi kwa mteremko hatukuhitaji kuazima kutoka Florida. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika katika miaka ya 1930 akaona jambo moja likijirudia: kutoka kilimani hadi bondeni udongo unapangika kwa utaratibu uleule, kilima baada ya kilima, kwa sababu maji yanachukua chembe laini na chumvi kutoka juu na kuzishusha chini. Mpangilio huo akauita katena, na leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanaufundishwa kwa jina hilo. Shamba lako ni katena kamili, na ni bahati kuwa nayo yote ndani ya ekari 12.

Sasa tuanzie chini, mbugani, maana ndipo watu wengi wanapoharibu.

Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Masika maji yanatuama, hewa inaisha kwenye udongo, na mizizi ya mti wa kawaida inakosa pumzi na kuoza. Rudi hapohapo Agosti: utakuta nyufa ambazo mkono unaingia, na kila ufa unapotanuka unakata mizizi iliyopita katikati yake. Kwa hiyo mti wa mbugani unatakiwa ustahimili kuzamishwa na kukaushwa, vyote ndani ya mwaka mmoja. Mingi haiwezi. Ndiyo maana mbuga ni mahali pa nyasi, wala usione uwazi ule ukadhani kuna mtu aliyekata miti akaacha kupanda mingine.

Miti inayoweza ni michache, na karibu yote ni migunga. Wa kwanza kuutafuta ni Vachellia drepanolobium, mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe, ambayo baadhi yake imevimba shinani ikawa vinundu vyeusi. Pasua kinundu kimoja kwa kisu. Ndani ni patupu, na sisimizi watatoka mbio kukuuma mkono, hivyo usikishike muda mrefu. Mti unawapa makao pamoja na utomvu mtamu kwenye majani, nao wanamshambulia kila mnyama anayekuja kutafuna. Upepo ukivuma, matundu waliyotoboa kwenye vinundu yanapiga mluzi. Ukiukuta mti huu umesimama kwa wingi, huna haja ya kuchimba shimo kujua udongo: uko juu ya mfinyanzi mweusi. Pembeni yake utaona mgunga mwingine mwenye gome la rangi ya kijani au chungwa linaloacha unga mkononi ukilisugua. Huo ni Vachellia seyal. (Vitabu vya zamani vinaiita yote Acacia. Mwaka 2005 wanasayansi waliamua jina hilo libaki kwa mimea ya Australia, ya kwetu ikagawanywa kuwa Vachellia na Senegalia, na watu bado wananung'unika.)

Nyasi ndizo zitakazokusimulia maji yanakaa muda gani. Themeda triandra, ile inayogeuka rangi ya shaba inapokauka, inakaa pindoni ambako maji hayakai siku nyingi. Setaria incrassata yenye mashuke membamba inaingia ndani zaidi, penye mfinyanzi mzito. Ukifika kwenye mpunga-mwitu, Oryza longistaminata, jua hapo maji yanatuama kwa majuma. Wakulima wa mpunga wanaufahamu vizuri kwa ugomvi: una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na ukiung'oa juu unaota tena pembeni. Kwako si adui. Unashika udongo, na ndege wanakula mbegu zake.

Penye dimbwi linalodumu utaona yungiyungi, ua lake likiwa juu ya maji asubuhi. Kata bua la jani lake uliangalie kwa karibu: lina mirija mitupu kuanzia juu hadi chini, na kwa mirija hiyo hewa inashuka hadi kwenye tunguu lililozama kwenye tope. Dimbwi likikauka, majani yanakufa na tunguu linabaki limelala kwenye tope lililokauka hadi masika ya mwaka unaofuata. Matete nayo yana mashina yenye uwazi ndani, kwa sababu ileile. Kwa hiyo ukiona dimbwi lako limekauka Septemba na yungiyungi halipo, usiende kununua jingine.

Angalia pia vichuguu. Mbugani kichuguu kikubwa kilichozeeka kinainuka juu ya kiwango cha maji, na mchwa wamekwisha kuuchanganya udongo wake na kuufanya uingize hewa. Juu yake unaweza kukuta mkwaju, mswaki na vichaka vimesongamana, wakati hatua chache tu pembeni hakuna mti hata mmoja. Mvua ni ileile na jua ni lilelile, ila kuna kimo kidogo cha ziada. Ukitaka kivuli mbugani, panda kwenye vichuguu vya zamani, usilazimishe kwenye tope. Tena usivisawazishe kwa trekta, kama ninavyoona watu wengi wakifanya wakidhani wanasafisha shamba.

Bahi ina jambo jingine ambalo mwongozo wa Florida hauwezi kukuambia. Mto Bubu unaleta maji kutoka upande wa Kondoa, unayamwaga kwenye bwawa la Sulunga na kinamasi chake, na hapo ndipo safari inapoishia. Maji hayana pa kutokea isipokuwa kuvukizwa na jua, na kila yanapovukizwa yanaacha chumvi. Shamba likishuka kuelekea huko, utaanza kuona udongo wenye utando mweupe kiangazi. Hapo mgunga wa mbugani unakoma, inabaki mimea inayovumilia chumvi: nyasi ya Sporobolus spicatus inayotambaa na kuchoma miguu, Suaeda monoica yenye majani madogo manene, Cyperus laevigatus penye maji ya chumvichumvi, na mswaki, Salvadora persica, kwenye kingo. Onja udongo kwa ncha ya ulimi kabla hujapanda chochote. Wazee hufanya hivyo, na ni kipimo kizuri tu.

Mikaratusi mbugani, hapana. Sitakudanganya kwamba nyuki hawaipendi. Maua yake yana nekta nyingi na asali yake ni nzuri. Lakini wanaokushauri wanataka ikaushe maji, na maji hayo ndiyo yanayokulishia nyasi, ndege na visima vya majirani. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Ukiwa na haja ya nguzo, panda mikaratusi michache karibu na nyumba, mbali na bonde, na uihesabu kuwa zao kama mahindi, usiihesabu kuwa uoto wa asili.

Hukutaja korongo, ila sijauona mteremko wa Dodoma usio na korongo. Likiwepo, hapo ndipo pa kuweka nguvu zako za kupanda, maana chini ya mchanga maji yanabaki muda mrefu baada ya mkondo wa juu kukauka. Mkuyu, mkwaju na mwegea ni wenyeji wa hapo. Bora kuliko yote kwa nia yako ni Faidherbia albida, mgunga mkubwa wa korongoni ambao tabia yake ni kinyume cha majirani zake: masika unapukutisha majani, kiangazi unachanua kijani. Mizizi yake inafuata maji ya chini kwa kina kirefu. Unaweza kulima mtama chini yake bila kivuli kukusumbua, na maganda yake yaliyojikunja, ya rangi ya chungwa, mbuzi wanayagombania. Kwa mfugaji wa nyuki una faida ya pekee: unatoa maua mvua zikiisha, wakati ambapo miti mingi inayouzunguka imeshamaliza.

Ukitoka mbugani kupanda juu utavuka ukanda mwembamba wa udongo wa kijivu, mgumu, ambao maji hayaupenyi wala jembe haliingii. Hapo pana mjunju, Balanites aegyptiaca, na migunga michache iliyodumaa. Acha hivyo. Si mahali pa kupoteza miche.

Udongo mwekundu wa katikati ndio Dodoma ambayo kila mtu anaifahamu. Mgunga wa mwavuli, Vachellia tortilis, mikole ambayo matunda yake watoto wanatafuna wakichunga, Combretum za aina kadhaa, mkulagembe wenye ua la rangi mbili, mpingo, mng'ongo, na mibuyu. Mkundekunde, Cassia abbreviata, utauona kutoka mbali mwisho wa kiangazi: unajaa maua ya njano kabla mvua haijadondoka. Humo pia kuna Commiphora, miti mifupi yenye gome jembamba linalobanduka na kunukia, ambayo kwa muda mrefu wa mwaka haina jani hata moja. Hiyo ndiyo ua bora wa boma kwa bei ya bure: unakata fimbo nene mwishoni mwa kiangazi, unaziacha zinyauke kidogo, unazisimika, na mvua ikifika zinachipua.

Mibuyu, kama ipo, ihesabu na uilinde. Maua yake yanafunguka magharibi, popo ndio wanaoyachavusha usiku, na kesho yake yanadondoka. Mbuyu mchanga haufanani na mbuyu: una shina jembamba na majani mengine ambayo hayajagawanyika vidole, kwa hiyo watu wanaufyeka bila kujua. Pita na mzee anayeufahamu kabla ya kumruhusu kibarua na panga lake.

Vichaka. Umeandika "udongo mwekundu wenye vichaka" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Huna sababu. Wengi wanaona kichaka wanadhani ni msitu uliochakazwa, wanafyeka ili "miti halisi" ipate nafasi, kumbe kichaka ndicho uoto wenyewe. Mfano mkubwa uko magharibi yako, Itigi wilayani Manyoni. Vichaka vya Itigi vinamea kwenye udongo wa kichanga uliolalia tabaka gumu. Mizizi haiwezi kwenda chini sana, kwa hiyo mimea mingi inafika kimo cha mita tatu hadi tano na kusongamana hivi kwamba mtu hapiti bila panga. Kiangazi vinapukutisha majani vyote kwa pamoja. Wakazi wake ni Baphia massaiensis, Pseudoprosopis fischeri, Bussea massaiensis, na kichaka cha Burttia prunoides, kilichopewa jina la B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika kwenye utafiti wa mbung'o hadi alipofariki mwaka 1938. Vichaka vya namna hiyo viko hapo kwetu na kwenye kipande kingine karibu na kusini mwa Ziwa Tanganyika kuelekea Zambia, basi. Mtu akifyeka hekta moja Itigi anapoteza kitu ambacho dunia nzima ina kidogo.

Kwa nyuki, kichaka kinazidi msitu wa mti mmoja kwa mbali. Humo spishi nyingi zinapokezana kutoa maua, na chini yake mlenda-pori na mimea midogo ya masika inajazia.

Udongo mwekundu huu unadanganya macho. Masika ni laini na unavutia. Kiangazi unakuwa mgumu kabisa. Waingereza waliuona ukiwa na sura nzuri kule Kongwa, wakaanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta kung'oa vichaka na mibuyu, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Mvua ilikuwa kidogo, na karanga zilizokomaa zilinaswa kwenye udongo uliokauka. Vichaka walivyoving'oa vilikuwa vinaeleza hali hiyohiyo ya mvua na udongo, ila hakuna aliyeviuliza.

Kilima cha mawe, sasa. Mawe ya itale yanamwaga maji ya mvua kwenye mianya, kwa hiyo mti uliobahatika kuingiza mzizi kwenye ufa unapata maji kuliko jirani yake wa bondeni. Ndiyo maana unaona mitini-mwitu imekumbatia mwamba kwa mizizi myeupe, mibuyu imejishindilia kati ya mawe, na mishubiri na michongoma ya Euphorbia imejaa. Penye mabaka ya udongo mwembamba tafuta Xerophyta, mmea ambao kiangazi unaonekana umekufa kabisa, na mvua ikinyesha majani yaleyale yaliyokauka yanarudi kuwa kijani ndani ya siku chache. Kwenye vilima vya mawe vya Kondoa na sehemu nyingine za mkoa kunakuwapo Brachystegia microphylla, mmoja wa jamii ya miombo, mwenye vijani vidogo vingi na majani mapya mekundu. Ukiukuta kwako, shukuru. Hakuna cha kupanda juu ya mawe hayo. Kazi yako ni kuzuia moto na shoka.

Kuhusu moto, kuna kisa kimoja cha Florida ambacho kina ndugu yake hapa. Yule msonobari wa majani marefu, akiwa mchanga, anakaa miaka kadhaa kimo cha nyasi: shina halirefuki, chipukizi limezingirwa na majani, na moto ukipita majani yanaungua ila chipukizi linabaki. Wakati huo mzizi unashuka. Ukishajaza akiba, shina linaruka juu haraka hadi livuke kimo cha moto. Mninga wetu, Pterocarpus angolensis, una ujanja unaokaribiana. Mche wake unakufa juu kila kiangazi na kuchipua tena masika, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini, hadi siku unapopata nguvu ya kusimama moja kwa moja. Mtu aliyepanda mninga akauona umekauka mwaka wa pili, akaung'oa, ameng'oa mti mzima.

Mninga si wa Kigwe hasa. Wenyewe unapenda miombo, kuanzia Manyoni magharibi kuelekea Tabora, na sehemu za Kondoa. Utaijua miombo hata bila kutazama juu: masika kina mama wanauza uyoga kandokando ya barabara. Mizizi ya miti hiyo inaishi kwa ushirika na kuvu fulani, na uyoga mwingi unaoliwa ndio matunda ya kuvu hao. Misonobari nayo inategemea kuvu wa aina hiyo, ndiyo maana zamani miche yake ilipoletwa Afrika ilidumaa mahali pengi hadi kuvu wake walipoletwa pia. Migunga yako na Combretum haina uyoga huo, kwa hiyo usiutafute.

Sasa kazi yenyewe. Kwa ekari 12, mimi nisingeanza na kitalu. Ningeanza na kisiki hai, njia ambayo shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamekuwa wakiieneza Dodoma tangu 2018, ingawa wazee wengine walikuwa wakiifanya bila kuipa jina. Tembea kwenye udongo mwekundu kiangazi ukiangalia chini. Visiki unavyoviona vimechipua vimechoka kuliwa na mbuzi, lakini mizizi yao ni ya miaka mingi. Chagua kisiki, tazama machipukizi yake, bakiza matatu hadi matano yaliyonyooka na yaliyotoka chini karibu na udongo, mengine kata kwa kisu kikali, mkato ulale kidogo ili maji yasikae. Kwenye yaliyobaki ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya kimo, usizidishe hapo kwa sababu mti bila majani hauna chakula. Funga kitambaa cha rangi ili kila anayepita ajue mti huo una mwenyewe. Halafu linda. Mti wenye mzizi mzee unakua haraka kuliko mche wowote utakaonunua, na tayari umethibitisha kuwa hapo ni kwake.

Unayo shaka? Nenda Kondoa. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa Irangi. Ilikuwa hatua kali na wafugaji waliumia. Sikushauri umfukuze mtu. Lakini milima iliyokuwa mitupu ilirudi kuwa kijani, na sehemu kubwa ya miti ile ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi.

Utakapopanda, panda korongoni na kwenye vichuguu tu. Mbegu za migunga, mkwaju na mbuyu zina ganda gumu: zimwagie maji yaliyochemka, ziache zipoe humohumo hadi kesho, zile zilizovimba ndizo za kupanda. Zisizovimba kwaruza ganda kwa tupa upande ulio mbali na kitovu cha mbegu. Njia rahisi zaidi ni zizi la mbuzi la jirani: mbegu za mgunga wa mwavuli zilizopita tumboni mwa mbuzi zinaota vizuri, na samadi unapata juu yake. Kwa spishi usizoweza kukusanya mwenyewe, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanauza mbegu za miti kupitia kituo chao cha Morogoro. Miche iingie ardhini wiki za kwanza za mvua, udongo ukishalowa kina cha kiganja na zaidi. Ukisubiri Februari umechelewa.

Mizinga itundike kwenye ukanda wa katikati, karibu na korongo lakini si ndani yake, kwenye kivuli cha mchana. Dimbwi la mbugani litawatosha maji hadi Juni au Julai, baada ya hapo uwawekee chombo chenye mawe ya kutua.

Kabla ya kunitumia swali jingine, pita shamba lote mara mbili, mara moja Machi na mara moja Septemba, uchore ramani kwa mkono: maji yalifika wapi, nyufa zinaanzia wapi, mpunga-mwitu unakoma wapi, chumvi inaonekana wapi. Ukikwama kuutambua mti, nitumie picha ya jani, ya ua au tunda, na ya gome kwa karibu. Picha ya mti mzima kutoka barabarani hainisaidii.